Uvimbe Chini ya Sikio: Somo la Ndigana Kali

Mfugaji wa Usambara aghalabu huiona dalili hiyo alfajiri, anapoingia bandani na ndoo ya kukamulia. Ng'ombe amesimama lakini masikio yameinama, na majani ya Guatemala aliyopewa jana yamebaki horini. Akimpapasa chini ya sikio, pale taya linapoishia, hukuta kinundu kigumu kadiri ya yai la kuku. Wapo wanaokichoma kinundu hicho kwa chuma cha moto, kama walivyofanya wafugaji wengi wa Afrika Mashariki tangu zamani. Wapo wanaokingoja kiive kama jipu. Lakini kinundu hicho si jipu wala hakina usaha, na kukingoja ni kuupa ugonjwa siku ambazo ng'ombe hana.

Katika vijiji vya Lushoto, ambako mashamba ni madogo na yamening'inia kwenye miteremko, kaya nyingi za wafugaji hazina kundi. Zina ng'ombe mmoja au wawili, chotara wa Friesian au Ayrshire, waliofungiwa bandani na kukatiwa majani. Ng'ombe huyo ndiye ada ya shule na ndiye samadi ya shamba la viazi na kabichi. Aliyempata kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe bado anadaiwa mtamba. Akifa kabla ya kuzaa, deni hubaki na maziwa hukoma. Kwa sababu hiyo inafaa wanachama waelewe kinundu hicho ni kitu gani hasa, maana anayeelewa hachelewi.

Mwilini mwa ng'ombe, kama mwilini mwa mtu, zimo tezi ambazo ni makambi ya chembe nyeupe za damu, yaani walinzi wa mwili. Kupe wa kahawia hupenda kunyonya ndani ya sikio, na ndiyo maana tezi ya kwanza kuvimba huwa ni ile iliyo jirani na sikio. Katika mate ya kupe huyo hukaa kijidudu kiitwacho Theileria parva. Kikiisha kuingia mwilini hutafuta chembe nyeupe na kujificha ndani yake. Vijidudu vingi huiua chembe vilimoingia. Hiki hakiiui, bali huilazimisha izaliane. Chembe inapogawanyika kuwa mbili, kijidudu nacho hugawanyika pamoja nayo, na kila moja kati ya hizo mbili huondoka na fungu lake. Mbili huwa nne, nne huwa nane, hata tezi hujaa na kuvimba, na chembe hizo zilizoasi husambaa hadi mapafuni, kwenye figo, bandama na tumboni.

Msomaji atauliza: je, hiyo siyo saratani? Swali hilo lina haki yake. Mwaka 1970 watafiti Malmquist, Nyindo na Brown walitangaza kwamba wameweza kuzikuza chembe za namna hiyo nje ya mwili wa ng'ombe. Chembe nyeupe za kawaida hudhoofika na kufa zikiwekwa chupani, lakini hizo zenye kijidudu ziliendelea kuzaliana pasipo kikomo, kama zifanyavyo chembe za saratani. Hata hivyo pana tofauti moja kubwa. Kijidudu kikiuawa kwa dawa, chembe hupoteza nguvu ile ya kuzaliana na hatimaye hufa. Wataalamu wa saratani za binadamu wamevutiwa sana na jambo hilo. Kwa mfugaji maana yake ni nyepesi zaidi: uvimbe huu unatibika, maadamu dawa imewahi.

Saratani halisi nazo zipo kwa mifugo, na hizo hazirudi nyuma. Mwaka 1971 Walter Plowright, ambaye ndiye aliyetengeneza chanjo mashuhuri ya sotoka huko Muguga, Kenya, alieleza pamoja na wenzake juu ya ng'ombe wa bonde la Nasampolai, Narok, waliokuwa wakipata saratani ya tumbo kubwa. Karibu zaidi na Usambara ni habari ya lile gugu la jamii ya Pteridium, lisilotoa maua wala mbegu, lenye majani yaliyochanika kama manyoya, liotalo kwa wingi mahali msitu ulipokatwa au kuungua. Ng'ombe anayelila kwa muda mrefu huweza kupata vivimbe katika kibofu cha mkojo, akakojoa damu kwa miezi huku akikonda. Mwenye ng'ombe huweza kudhani ni ule ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu, akanunua sindano baada ya sindano bila faida. Ugonjwa wa kupe huja kwa ghafla na kwa homa kali. Mkojo wa damu usio na homa, unaokuja na kupotea, kwa ng'ombe mzima aliyekula porini, ni jambo la kumwonyesha mganga wa mifugo kabla ya kutoa fedha ya dawa.

Kuchanganya ugonjwa mmoja na mwingine si kosa la mfugaji peke yake. Kati ya mwaka 1897 na 1898 Profesa Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki akichunguza maradhi ya watu na mifugo. Wamarekani Smith na Kilborne walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1893 kwamba ugonjwa wa kukojoa damu huenezwa na kupe. Koch akataka kulihakikisha jambo hilo. Alichukua kupe wa ng'ombe wagonjwa wa pwani, akapeleka watoto wao Kwai, katika Usambara ya Magharibi, mahali ambapo ugonjwa huo haukuwapo, akawaweka juu ya ng'ombe wazima. Ng'ombe wakaugua. Hivyo Kwai, ambayo leo wengi huijua kwa mboga na viazi, imo katika historia ya elimu ya maradhi ya mifugo duniani.

Lakini huko Dar es Salaam Koch alikuwa ameona vilevile, ndani ya ng'ombe wagonjwa, vijidudu vya sura nyingine, akadhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa ule ule wa kukojoa damu. Ilikuwa ndigana kali. Jaribio la Kwai halikuweza kumzindua, kwa kuwa kupe wa kahawia hapitishi ndigana kali katika mayai yake. Mtoto wa kupe huanguliwa akiwa safi, na huupata ugonjwa kwa kumnyonya ng'ombe aliye nao, kisha huupitisha kwa ng'ombe mwingine baada ya kujivua gamba. Miaka michache baadaye ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliupeleka ugonjwa Rhodesia, ukaua mifugo kwa wingi. Koch aliitwa huko mwaka 1903, na ndipo ilipodhihirika kwamba ni ugonjwa mbali. Hadi leo wataalamu huuita Homa ya Pwani ya Mashariki, jina ambalo mfugaji wa Mtae au Bumbuli, aliye mbali na bahari, ana sababu ya kulishangaa.

Sasa yatazamwe yaliyomo ndani ya mzoga, maana hapo ndipo ugonjwa unaposema wazi. Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana kali mara nyingi bado ana nyama mwilini, kwa kuwa hakupata muda wa kukonda. Puani mna povu jeupe, na bomba la hewa likipasuliwa hukutwa limejaa povu hilo hilo. Mapafu ni mazito, yamelowa maji. Tezi zimekuwa kubwa na zenye majimaji. Juu ya figo huweza kuonekana madoa meupe, ambayo ni makundi ya zile chembe nyeupe, na katika tumbo la nne vidonda vidogo. Kwa hiyo ng'ombe huyu hafi kwa uvimbe wa sikio. Hufa kwa kuzama, maji yakiwa ndani ya mapafu yake mwenyewe. Hapo ndipo ilipo sababu ya dawa kushindwa inapochelewa: parvaquone, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, na buparvaquone iliyofuata, huua kijidudu, lakini haziondoi maji yaliyokwisha kujaa mapafuni.

Onyo moja halina budi kutolewa hapa. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au sehemu ya haja, asipasuliwe na mtu yeyote. Hiyo yaweza kuwa kimeta, ambayo humuua na mtu, na vijidudu vyake hukaa udongoni kwa miaka mingi sana. Bwana mifugo aitwe, na mzoga usiguswe wala kuliwa.

Hesabu ya siku ni hii. Kupe akiisha kushika, kwa kawaida huhitaji kunyonya siku mbili tatu hivi kabla vijidudu havijakomaa katika mate yake. Kwa hiyo mtoto anayechunguza masikio ya ng'ombe kila jioni na kuwabandua kupe anafanya kazi ya maana kuliko inavyodhaniwa. Baada ya siku 8 hadi 12 tezi huvimba na homa hupanda, kutoka nyuzi 38 na nusu hivi za ng'ombe mzima hadi 40 na zaidi. Asiyetibiwa huweza kufa katika wiki ya tatu au ya nne tangu alipoumwa na kupe. Kufungia bandani hakumkingi kabisa, kwa sababu kupe huja na majani yaliyokatwa kando ya njia au mahali walipopita ng'ombe wa kuchunga, hasa wakati wa mvua, na kupe aliyekomaa huweza kukaa na njaa majanini zaidi ya mwaka mmoja akingoja. Dawa ya kuogesha isipofika ndani ya sikio na chini ya mkia, kazi imefanywa nusu.

Iko pia chanjo, ambayo msingi wake uliwekwa Muguga katika miaka ya 1970. Ng'ombe hupewa vijidudu vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvizuia, akaugua kidogo au asiugue kabisa, kisha akapata kinga ya muda mrefu. Wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa ndama wao. Ugumu wake ni kwamba huhifadhiwa katika baridi kali sana, na mrija mmoja ukiisha kuyeyushwa una dozi za ng'ombe wengi, wala hauwezi kungoja kesho. Mwenye mtamba mmoja hawezi kuufungua peke yake. Hiyo ni kazi ya chama cha msingi: kuandikisha ndama wa wanachama, kupanga siku moja na mganga wa mifugo, na kumwomba awatazame tena katika wiki mbili tatu zinazofuata, kwa kuwa wachache huweza kuugua kutokana na chanjo yenyewe.

Kwa upande wa katibu, chombo kikubwa cha kuugundua ugonjwa huu anacho tayari mezani: daftari la maziwa. Homa ya ndigana kali hupunguza maziwa mapema, mara nyingine kabla mwenye ng'ombe hajaona dalili nyingine. Mwanachama aliyezoea kuleta lita 8 akileta 5 leo, na kesho 3, kusiwe na kungoja mwisho wa mwezi kumwuliza kuna nini. Aulizwe pale pale kwenye mizani, aambiwe akapapase chini ya masikio yote mawili na mbele ya bega, na kipimajoto cha chama apewe aende nacho nyumbani. Siku iyo hiyo ujumbe umfikie bwana mifugo, ili achukue majimaji ya tezi kwenye kipande cha kioo na kuyatazama kwa hadubini. Na katika daftari, mbele ya jina la mwanachama, ziandikwe tarehe tatu: siku maziwa yalipopungua, siku uvimbe ulipoonekana, na siku sindano ilipochomwa.