Kompyuta inapoamkia diski isiyo yake



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kufundisha jambo moja la kompyuta, ao ordinatere kama wengi wetu tunavyosema. Jambo hili lilitokea nyumbani kwa mwalimu mwenzetu, na ilibaki kidogo tu pointi za darasa nzima zipotee.

1. Jambo lenyewe

Mwalimu huyo ana kompyuta ya mezani ya zamani. Ndani yake kuna diski mbili. Moja ni ya zamani, ile ya kuzunguka, na iko na Windows ya zamani. Ya pili ni SSD, aliyoongeza mwaka 2022, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa polepole sana. Tangu siku ile kazi yake yote iko ku SSD: masomo, maulizo ya mitihani, na pointi za mwaka wa sita. Diski ya zamani ilibaki ndani tu, na hakuna mtu aliyeifikiri tena.

Kisha umeme ulikatika kwa majuma matatu. Siku uliporudi, mashini iliwaka vizuri, lakini ku ekrani mwalimu aliona picha ya zamani. Saa ilionyesha mwaka 2012. Akatafuta pointi, hakuna. Maandiko ya mwisho aliyoyaona yalikuwa ya 2022. Na siku ya kupana pointi kwa Bwana Prefe ilikuwa kesho kutwa.

Akaita kijana mmoja fundi. Kijana akatazama, akasema: « Mwalimu, sistemu imekufa. Tupige formati, tuweke Windows mpya. » Akatoa flashi mfukoni. Ndipo binti wa nyumba, anayesoma mwaka wa tatu, akauliza: « Baba, kama imekufa, juu ya nini inaonyesha picha ya zamani? Na ile mpya imeenda wapi? »

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mwalimu akasema tungoje kwanza, akatuma mtoto kutuita.

2. Kompyuta inaamka namna gani

Tukibonyeza ili kuwasha, kompyuta haijui bado Windows wala kitu kingine. Programu ya kwanza inayoamka si ya diski. Iko ndani ya chipu moja ya kadi-mama, na jina lake ni BIOS. Katika mashini za sasa ni UEFI. Kwanza inapima viungo vya mashini: memori, klavye, ekrani. Kisha inasoma liste ndogo inayosema: anza na diski hii, ikikosa jaribu ile, ikikosa jaribu ya tatu.

BIOS ya zamani inafika ku diski ya kwanza ya liste na kusoma kipande cha kwanza tu, chenye okteti 512. Ikiona okteti mbili za mwisho ni 55 na AA, inasadiki kwamba diski hii inaweza kuamsha, na inaipa kazi. Haiulizi kama ni diski unayoipenda. Haijui pointi zako ziko wapi. UEFI yenyewe inaweka katika liste yake majina ya programu za kuamsha, kwa mfano « Windows Boot Manager ».

Zamani liste hii haikuwa ya kuchagua. PC ya IBM ya mwaka 1981 ilijaribu disketi kwanza. Ni mu mwaka 1984, kwa mashini ya AT, IBM ilipoweka memori ndogo ya kushika saa na mapango ya mashini, na batri ya kuilisha wakati mashini imezimwa. Tangu pale batri hiyo imebaki katika kompyuta nyingi za mezani: ni ya mviringo kama sarafu, namba yake CR2032, volti 3.

Sasa mnaona jambo la mwalimu wetu. Batri yake ilikuwa imechoka. Umeme ulipokuwa ukija kila siku, udhaifu huo haukuonekana. Kwa majuma matatu bila umeme, memori ikasahau yote: saa ikarudi 2012, na liste ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Diski ya zamani ikawa tena ya kwanza. Diski zote mbili zilikuwa nzima.

3. Matengenezo

Hivi ndivyo tulivyofanya, na nanyi mtafanya hivi, kwa kufuata namba.

a) Ondoeni flashi, CD na diski zote za nje, kisha washeni tena. Mara nyingi kosa linaishia hapa: mashini ilikuwa inatafuta kuamkia flashi iliyosahauliwa.

b) Kama Windows ya zamani inafunguka, tazameni ndani ya « Ce PC » kama kuna diski nyingine. Msidanganywe na herufi C. Windows iliyoamka mara nyingi inajiita yenyewe C, na nyingine inapata D ao E. Sisi tulifungua E, tukakuta pointi zote. Kabla ya kugusa kitu kingine tulizinakili ku flashi safi.

c) Zimeni, washeni, na mara moja mbonyeze-bonyeze F2 ao Suppr mpaka mapango ya BIOS yafunguke. Kwa HP ni F10. Muangalie: hapo klavye yetu ya AZERTY mara nyingi inasomwa kama QWERTY, basi A inakuwa Q.

d) Tafuteni kama diski nzuri inaandikwa pale. Kama haiko, shida si liste. Zimeni, ondoeni waya wa umeme ku ukuta, fungueni, na mkaze kable mbili za diski: ya umeme na ya habari. Ikiwa bado haionekani, labda diski yenyewe ni mgonjwa.

e) Kama iko, endeni ku ukurasa wa « Boot » na muiweke ya kwanza. Hapa kuna mtego uliotukamata. Mashini nyingi za zamani ziko na liste mbili: moja inapanga aina (CD, diski, flashi), ya pili inapanga diski zenyewe kati yao. Tuliweka « diski » mbele ya CD, tukawasha, picha ya zamani ikarudi! Lazima kupanga ile liste ya pili pia.

f) Rekebisheni saa, kisha F10 ili kuhifadhi. Someni ulizo kabla ya kujibu.

g) Zimeni, toeni waya ku ukuta, ngojeni saa chache, jaribuni tena. Ikisahau tena, nunueni batri mpya. Kisha mpange saa na liste mara nyingine.

Mkitaka kujaribu tu bila kubadili liste, kuna menyu ya mara moja: F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, F9 kwa HP.

4. Maonyo

Kwanza, msibadili mambo mengine ya BIOS, zaidi sana maneno AHCI, IDE ao RAID. Ukiyageuza, Windows inaweza kukataa kuamka, na utakuwa na matata mawili pahali pa moja.

Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48 ukigusa mapango haya. Utafute kwanza.

Tatu, formati ni dawa ya mwisho. Ile flashi ya kijana ingeonyesha diski mbili kwa namba tu, 0 na 1. Nani angejua ni ipi ya pointi? Hatumlaumu. Alitaka kusaidia, na tulikaa naye mpaka mwisho, yeye mwenyewe akashika turnevisi. Sasa anapofika kwa mtu, anauliza kwanza kama kuna diski ya pili.

Picha mpya ilirudi saa kumi na mbili ya jioni. Mwalimu alipana pointi siku iliyopangwa. Diski ya zamani tuliiacha ndani, lakini tulibandika kartasi ku sanduku la mashini: « Diski mbili. Nzuri ni SSD. »

Maulizo ya kujipima

1. Juu ya nini saa ya 2012 ilikuwa alama ya kutusaidia?
2. BIOS ya zamani inatambua namna gani kwamba diski inaweza kuamsha?
3. Diski haionekani kabisa katika BIOS. Utafanya nini kwanza?
4. Umepanga aina za diski, lakini kosa linarudi. Umesahau nini?