Uteuzi wa Mwongozo wa Kujiandaa kwa Mitihani ya Aktuaria

Mtahiniwa wa mitihani ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, ambayo pia hufanywa na wanafunzi wa Kenya, hulazimika kuteua mwongozo kabla ya kuikabili karatasi yenyewe. Wengi huongozwa na bei au unene wa kitabu. Vigezo hivyo havitoshi.

Kigezo cha kwanza ni silabasi. Mnamo 2019 taasisi hiyo iliubadilisha mtaala wake: maudhui mengi ya CT1 na CT5, kwa mfano, yaliunganishwa katika CM1. Aidha, CM1 iliongezewa sehemu ya kompyuta inayotumia Excel, na CS1 ile inayotumia programu ya R. Hivyo, mwongozo wa CT uliorithiwa kutoka kwa mwanafunzi aliyetangulia waweza kufunza hesabu za riba barabara, ila haumwandai mtahiniwa kwa sehemu hiyo mpya.

Kigezo cha pili ni mazoezi. Mwongozo bora huonyesha hatua za kulifikia jibu, si jibu pekee, ili anayekosea aone alipopotoka.

Cha tatu ni muda. Mwongozo mnene usiomalizika kabla ya mtihani hauushindi mfupi uliosomwa wote na kufanyiwa mazoezi.

Kwa hivyo, mteuzi aanze na silabasi ya mwaka wa mtihani wake, ailinganishe na yaliyomo sura kwa sura, ndipo anunue. Anayeshindwa hulipa ada upya. Kwa sababu hiyo, kitabu cha bure huweza kugeuka ghali.