Kabla ya Kununua Kigari cha Mtoto, Pima Njia Yako

Kigari changu cha kwanza nilikinunua Kariakoo nikiwa mama kijacho wa miezi minane, miguu imevimba na akili yote iko kwenye rangi. Kilikuwa cha kijivu na pinki, kina kimeza cha kuwekea chupa ya maziwa. Muuzaji alikisukuma kwa kidole kimoja juu ya marumaru ya duka lake, kikateleza chenyewe mpaka mlangoni. "Umeona dada? Hiki hata bibi anasukuma." Nikatoa shilingi 135,000, wala sikuomba sana kupunguziwa.

Mtoto alipotimiza miezi saba, nikakitoa nje kwa mara ya kwanza, siku ya kliniki. Tunakaa Mbagala, na kutoka getini kwetu hadi kwenye lami ni mchanga mtupu, ule wa kumeza ndala. Kilikwenda kama hatua ishirini. Matairi ya mbele, madogo kama vifuniko vya chupa ya chai, yakazama, yakageuka ubavu, kigari kikainama mbele kama kinasujudu, na mtoto wangu ndani anashangaa. Kijana mmoja wa bodaboda alituhurumia. Alijaribu kukikunja, kikamshinda, akakitwika kichwani hivyo hivyo kilivyo. Tukaingia barabarani kwa maandamano hayo: mtoto mgongoni kwangu, kigari kichwani kwa mtoto wa watu.

Nilikiuza kwa shilingi 60,000. Cha pili, ambacho ninacho hadi leo, ni cha mtumba na kilinigharimu shilingi 80,000. Cha bei ndogo ndicho kilichofanya kazi, na tofauti yao haikuwa kwenye ubora peke yake. Cha kwanza nilikijaribu kwenye marumaru ya mwenye duka, nikasahau kwamba kitaishi kwenye mchanga wangu.

Anza na njia, duka baadaye

Kabla hujaulizia bei popote, toka nje na utembee ile njia utakayopita na mtoto mara nyingi zaidi. Kwangu ni nyumbani hadi zahanati, nyumbani hadi sokoni, na Jumapili kwa bibi yake. Tazama chini. Kama ni lami au vitofali, kigari chochote kizima kitakwenda. Kama ni mchanga, tope au kokoto, tairi ndiyo inayoamua, na tairi ndogo za plastiki ngumu hazifai hata kama fremu ni nzuri namna gani. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa na pana ndivyo linavyopanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ninachotafuta mimi ni magurudumu ya nyuma yasiyopungua upana wa sahani ya chai, na ya mbele yanayozunguka lakini yana kitufe cha kuyafunga yasizunguke. Kitufe hicho ni kidogo na wauzaji wengi hawakitaji, ila kwenye mchanga ndicho mkombozi: ukifunga, tairi zinakaa mbele moja kwa moja, hazigeuki ubavu.

Tairi za upepo, kama za baiskeli, ndizo laini kuliko zote. Zinapata pancha, lakini usiziogope. Fundi baiskeli yupo kila kona, na pachi ni ile ile.

Pili, hesabu vyombo vya usafiri. Mimi napanda daladala na bajaji, kwa hiyo kigari kisichokunjika haraka ni adhabu. Konda hana subira. Atakuambia, "Mama, hicho weka chini ya siti au lipia," na abiria wote wanakutazama. Wanaosafiri kwa mabasi ya mwendokasi wana nafuu, maana tangu huduma hiyo ianze mwaka 2016 kwenye njia ya Kimara, vituo vyake vina njia za mteremko na sakafu ya basi iko usawa mmoja na ya kituo. Lakini ile saa ya asubuhi watu wanapobanana, hata hapo utakikunja tu.

Tatu, ngazi. Anayekaa ghorofa ya tatu bila lifti anunue uzito kwanza. Kigari cha kilo 12 ukikijumlisha na mtoto wa kilo 10, umeshabeba karibu gunia dogo la mkaa.

Vile vyembamba vya kukunja kama mwavuli

Utaviona vingi, na ndivyo vya bei ya chini. Aliyevibuni ni Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyeshughulikia miguu ya kutulia ya ndege za vita za Spitfire. Baada ya kumwona binti yake akihangaika na kigari kizito cha mjukuu, mwaka 1965 alichora cha bomba za aluminiamu, chepesi chini ya kilo tatu, kinachojikunja kama miguu ya ndege inavyokunjwa. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini vinafaa daladala na vinashindwa na mchanga: viliumbwa kukunjika na kubebeka, kwenye nchi yenye njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa. Kama mtaa wako una lami, chukua hicho na usijisumbue na makubwa. Kama una mchanga kama wangu, utakibeba kuliko kitakavyombeba mtoto.

Umri wa mtoto

Hapa nilikosea pia. Kigari changu cha kwanza mgongo wake haukulala chini kabisa, kwa hiyo miezi sita ya mwanzo kilikaa kibarazani kinatandikwa nepi. Mtoto mchanga alazwe chali, bapa, mpaka shingo ikaze na aweze kukaa, jambo ambalo kwa watoto wengi huja karibu na miezi sita. Vile vyembamba vingi ni vya mtoto aliyekwisha kufika hapo.

Sasa ukitaka kimoja cha kuanzia siku ya kwanza, tafuta ambacho mgongo unalala kabisa. Ukiwa na bajeti ndogo, ushauri wangu ni wa bibi yake mtoto: "Mwanangu, miezi ya mwanzo mtoto hahitaji matairi, anahitaji khanga." Mbeleko itakuvusha mpaka mtoto akae mwenyewe, na hapo utanunua kigari cha kukaa tu, ambacho ni rahisi zaidi na utakitumia hadi miaka yake mitatu hivi.

Mpya au mtumba?

Kwa hela ile ile, mtumba mzuri unashinda kipya cha bei ya chini. Cha shilingi 80,000 cha mtumba pengine huko kilikotoka kilikuwa kigari cha maana. Kipya cha hela hiyo mara nyingi ni plastiki na nati chache.

Mimi nilikwenda soko la mitumba Ilala asubuhi, siku ya kazi, wakati muuzaji bado ana muda wa kukuachia uchezee mali yake. Alianza na 120,000. "Dada, hii imetoka Ujerumani, haijatembea." Nilipoinamia tairi nikakuta imelika upande mmoja. Nikamwonyesha. Akacheka: "Basi imetembea kidogo." Pale pale bei ikaanza kushuka. Ukitaka kupunguziwa, onyesha kasoro kwa kidole. Ukilalamika tu kwamba ghali, utaambiwa siku hizi kila kitu ghali.

Ukaguzi wa dakika kumi

Hivi ndivyo nilivyokagua, kwa mpangilio huu huu:

1. Kikunje na kukikunjua mara tatu. Jaribu ukiwa umebeba kitu mkono wa kushoto, kama utakavyombeba mtoto. Kikifunguka kisikike "ka!" na kisirudi ukikikandamiza. Kigari kinachojikunja mtoto akiwa ndani ni hatari kuliko kasoro nyingine zote.

2. Tazama bawaba. Vidole vya watoto huingia hapo. Mwezi Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza marekebisho ya vigari kama milioni 1 vilivyouzwa Marekani, ikawapa wateja vifuniko vya kuziba bawaba, baada ya taarifa za watoto 12 kukatika ncha za vidole. Mitumba yetu inaweza kuwa imetoka huko, kwa hiyo kagua viungo vya kampuni yoyote. Na popote ulipo, mtoto akae mbali unapokunja.

3. Piga breki, kisha sukuma kwa nguvu. Ishike matairi yote mawili ya nyuma. Ukipata mteremko jaribu hapo, na uweke mzigo kwenye kiti. Mimi niliweka mfuko wa viatu wa muuzaji mwenyewe.

4. Hesabu mikanda. Mitano ndiyo salama: miwili mabegani, miwili kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Mtoto aliyefungwa kiunoni tu atasimama dede kwenye kiti siku ambayo hukutegemea. Fungua na ufunge kifungo mara kadhaa, kisiwe kinaachia.

5. Zungusha kila gurudumu hewani. Likikwaruza, ni beringi au mchanga. Hilo lina dawa: yangu mawili yalisafishwa na kutiwa grisi kwa fundi baiskeli kwa shilingi 6,000. Ekseli iliyopinda haina dawa ya bei ndogo, achana nayo.

6. Pitisha kidole kwenye fremu. Kutu ya juu juu husuguliwa. Bomba lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, au lililochomelewa, liache. Huku pwani chumvi ya hewani haina huruma.

7. Vua kitambaa, nusa sifongo. Ukungu na kunguni hukaa kwenye mishono. Kitambaa kisichovuliwa usikichukue. Changu nilikifua kwa maji ya moto na sabuni, nikakianika juani siku mbili kabla mtoto hajakaa.

8. Tafuta kibandiko. Kwenye vya Ulaya mara nyingi utaona EN 1888, kiwango chao cha usalama wa vigari vya watoto, na uzito wa juu unaoruhusiwa. Vingi vya kawaida ni kilo 15.

Hizo kilo 15 si mapambo

Nalisema hili kwa sababu jirani yangu alikuwa na kigari kizuri kuliko changu. Siku maji yalipokatika akaweka ndoo ya lita 20 kwenye kiti, akaenda nayo kisimani na kurudi. Mara ya tatu fremu ikapinda katikati, ndoo ikamwagika getini kwake. Lita 20 ni kilo 20. Hesabu ndiyo hiyo.

Mzigo mwingine ni mikoba. Najua utamu wa kuning'iniza mfuko wa soko kwenye mpini, nimewahi kufanya. Mtoto akiwa amekaa unaona kama hakuna shida. Siku nilipomtoa mtoto kwanza, kigari kikaanguka chali na nyanya zangu zote zikaenda mtaroni. Angekuwa mwepesi zaidi, angeanguka nacho hata akiwa amekaa. Mizigo ikae kwenye kapu la chini.

Na khanga. Jua likiwa kali, mkono wenyewe unakwenda kufunika kigari chote kwa khanga ili mtoto apate kivuli. Usifanye hivyo. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilipima joto ndani ya kigari kilichowekwa juani: bila kufunikwa nyuzi 22, kilipofunikwa kitambaa chepesi zikafika 34 ndani ya nusu saa. Hiyo ni Uswidi. Mbagala mwezi wa pili malizia mwenyewe. Paa lake litoshe, tembea upande wenye kivuli, na kama tatizo ni mbu, tumia chandarua kinachopitisha hewa.

Hesabu ya mwisho

Changu: kigari 80,000, fundi 6,000, chandarua nilishona mwenyewe kwa kipande kilichobaki cha kitandani. Ukiniongezea ile 75,000 niliyoipoteza kwenye kile cha pinki, utaona kwamba marumaru ya Kariakoo yalinilia karibu kigari kingine kizima.

Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu. Hataki tena kukaa, anataka kukisukuma yeye, na ndani amemweka mdoli. Wiki iliyopita dada mmoja wa mtaa wa pili, mama kijacho, alikuja kukiulizia. Alishatoa pochi. Nikamwambia arudishe hela yake, akisukume kwanza mpaka kwake, akiingize ndani, halafu arudi tuzungumze.

Baada ya nusu saa akarudi nacho, anahema. "Dada, mchanga nimeuvuka vizuri tu. Pale kwetu kuna ngazi sita za kupanda na kona ya nyuzi tisini mlangoni. Hakipiti."

Basi kigari bado kiko kibarazani kwangu. Na yeye pochi yake bado imejaa, anatafuta chembamba.