Kamusi elezo kama karakana ya istilahi: mfano wa Kikatalani

Katika somo la upangaji lugha tumezoea kupanga hatua kwa mfuatano: kuchagua lahaja, kusanifisha tahajia, kuandika sarufi na kamusi, kuunda istilahi, kisha kuandika maarifa. Kwa mpangilio huo, lugha yenye upungufu wa istilahi hungojea. Makala hii inatumia mfano wa Gran Enciclopèdia Catalana kuonyesha kwamba kuandika maarifa kunaweza kutangulia, na istilahi zikazaliwa humo humo.

Kikatalani, lugha iliyotokana na Kilatini, huzungumzwa Katalonia, Valencia, Visiwa vya Balearic na Andorra. Msingi wake wa usanifishaji uliwekwa mapema: kanuni za tahajia zilitolewa mwaka 1913, kisha Pompeu Fabra akatoa sarufi mwaka 1918 na kamusi mwaka 1932. Franco aliposhinda vita mwaka 1939, lugha hiyo iliondolewa shuleni na ofisini. Watoto wengi walikua wakiizungumza nyumbani bila kufundishwa kuiandika.

Ni chini ya utawala huo huo ndipo kamusi elezo ilipoanza kutolewa, mwaka 1968, kwa vijitabu vilivyokusanywa baadaye kuwa majuzuu. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Jordi Carbonell, akafuatwa na Joan Carreras i Martí. Franco alifariki mwaka 1975; juzuu la 15, la mwisho katika toleo hilo, lilitoka mwaka 1980.

Kiisimu, jambo la kuzingatia ni hili: alfabeti haina huruma. Mwandishi wa riwaya anaweza kuzunguka asitaje sehemu za injini au viungo vya mdudu. Mwandishi wa kamusi elezo hana njia hiyo. Kila kidahizo kinadai jina na maelezo, na istilahi iliyotumika katika makala ya kemia haina budi kuelewana na ile ya makala ya tiba. Hivyo neno linapimwa ndani ya sentensi, si katika orodha tupu. Tena, kazi hii ilieleza pia maana za maneno ya kawaida, na kutokana nayo ilizaliwa kamusi ya lugha iliyochapishwa mwaka 1982. TERMCAT, kituo cha istilahi za Kikatalani, kiliundwa mwaka 1985, yaani miaka 5 baada ya juzuu la mwisho.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ari pekee ilitosha. Bila kanuni za Fabra, waandishi wangebishana juu ya tahajia kila siku. Bila wanunuzi, vijitabu visingeendelea kutoka.

Kiswahili nacho kina tahajia sanifu, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ipo tangu mwaka 1981. Hapa Kongo, Katiba inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, ilhali lugha rasmi ni Kifaransa. Mara nyingi tunasema kwamba hatuwezi kuandika sayansi kwa Kiswahili kwa kuwa istilahi hazijakamilika. Mfano wa Kikatalani unaugeuza usemi huo: haziwezi kukamilika kabla hatujaandika. Kwa hiyo napendekeza kila darasa letu lichague tawi moja, kwa mfano fonolojia, liandike vidahizo 20 vyenye maelezo kamili, na darasa linalofuata livisahihishe na kuviongeza.