Vumbi la Uyole na Rangi ya Pikipiki

Kwenye uwanja wa nyumba tunayopanga hapa Uyole zinalala Boxer mbili nyekundu. Zilinunuliwa mpya, zikipishana wiki mbili tu. Moja ni ya kaka mmoja wa bodaboda anayepaki pale njia panda ya Tukuyu, anaiendesha kutwa nzima, mvua na jua. Ya pili ni yangu: Iyunga kwenye vipindi na kurudi, na Jumamosi nabeba abiria kidogo bumu likichelewa. Baada ya mwaka mmoja yangu ndiyo iliyoonekana kuukuu, na yangu ndiyo iliyokuwa ikifutwa kila asubuhi.

Iliniuma, maana ile si pikipiki ya kutembelea tu. Imetoka kwenye magunia ya viazi ya mama, na makubaliano ya nyumbani ni kwamba nikimaliza mwaka wa tatu inauzwa ili mdogo wangu aanzie hapo ada. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika haanzi na injini. Anapitisha kidole kwenye tangi, anainama kutazama spoki na tumbo la ekzosi, ndipo anataja bei. Kila mchubuko anaukata kwenye bei hiyo.

Nikamfuata jirani. "Kaka, hivi wewe yako unaiosha na nini?"

Akacheka. "Maji, dogo. Wewe yako huioshi, unaipiga msasa."

Niliona ananitania, kumbe ndivyo ilivyo. Udongo wa huku kwetu kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye vitundu, vilivyorushwa zamani na Rungwe na Ngozi. Mkulima wa viazi anaushukuru, lakini ukiziangalia chembe zake kwa darubini utakuta vipande vya kioo vyenye ncha. Lile jiwe la kusugulia visigino ni ndugu yake kabisa. Sasa juu ya rangi ya tangi kuna vanishi angavu, nyembamba kuliko karatasi mbili za daftari zikiwekwa pamoja. Ukichukua kitambaa kikavu asubuhi ukafuta vumbi la jana, unazisukuma zile chembe juu ya vanishi. Hutaona kitu siku hiyo. Baada ya miezi mitatu, jua likipiga utaona mistari midogo inayozunguka kama utando wa buibui, na nyekundu imekuwa na ukungu. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kibaya zaidi, na ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi umetuongezea vumbi.

Kwa hiyo vumbi haliguswi kavu. Mwaga maji kutoka juu, subiri kidogo, mwaga tena, ndipo mkono uingie na sponji yenye povu. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, la sivyo unarudisha mchanga uleule ulioutoa. Sponji ikianguka chini, isuuze kwanza. Kama maji hakuna, na Uyole siku hizo zipo, iache na vumbi lake. Pikipiki yenye vumbi siku nne haijaharibika.

Masika kuna tope. Likikauka kwenye madigadi usilikwangue kwa kijiti. Weka gunia lililolowa juu yake kwa dakika kumi na litatoka lenyewe. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa mng'ao wote. Ya kuoshea vyombo ina unafuu, na shampuu ya magari ni bora zaidi ukiweza kuinunua. Stilwaya ni ya masufuria. Mtindo wa kupaka dizeli kwenye plastiki ili zing'ae ni kujidanganya: zinang'aa mpaka jioni, kisha mafuta yanakamata vumbi la barabara nzima. Na chochote cha kung'arisha kisiguse siti wala sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Huko ni kutafuta kuanguka.

Jambo ambalo wengi hatulifikirii ni mbolea. Huku kila mtu amewahi kubeba gunia la UREA au CAN kwenye keria, hata kama ni la mjomba. Gunia linavuja punje chache, zinajificha kwenye maungio ya keria na chini ya siti. Mbolea hizo ni chumvi chumvi, zinavuta unyevu kutoka hewani, na palipo na unyevu wenye chumvi kutu haiombi ruhusa. Keria yangu ilianza kuchubuka hapohapo lilipokaa gunia. Ukibeba mbolea, tandika nailoni chini, na ukifika osha siku hiyohiyo.

Ekzosi nayo ina siri yake, na mwanafunzi wa kemia angepaswa kuijua kabla yangu. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini ikipata moto yanatoka kama mvuke. Lakini ukiwasha asubuhi ya Julai, baridi ya huku unaijua, ukaenda dukani kununua mkate na kuzima, mvuke unageuka matone ndani ya bomba na kubaki humo. Kutu inaanzia ndani, wewe unasugua nje. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yangu na jirani: yake inashinda ina moto, yangu ilikuwa na safari za dakika tatu tatu. Siku hizi dukani naenda kwa miguu. Na usimwagie ekzosi ya moto maji ya baridi; subiri hadi uweze kuishika.

Cheni iliyojaa oili chafu hurusha matone meusi kwenye rimu na namba. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, ifute, paka oili nzito ya gia kwa ndani huku ukizungusha tairi, kisha futa inayobaki juu. Ile inayoonekana haina kazi zaidi ya kubeba mchanga.

Jua pia linakula. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi inakudanganya, lakini mionzi ni mikali kuliko pwani, na nyekundu ndiyo rangi inayopauka upesi. Paki kivulini, ila si chini ya mti wenye ndege, maana kinyesi chao kinaunguza vanishi. Turubai la nailoni juu ya pikipiki iliyolowa linafungia unyevu ndani. Ikauke kwanza, kisha funika kwa shuka kuukuu.

Kuhusu mashine za presha, mwambie kijana asielekeze kwenye beringi za matairi, swichi wala kioo cha spidi. Na tusishuke na pikipiki mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kandokando ya mito, na kuna watu wanachota maji hayo chini yetu.

Yangu niliipeleka kwa fundi rangi. Alisugua mistari myepesi kwa kompaundi, wekundu ukarudi kwa sehemu kubwa. Akanionya kwamba kazi hiyo hairudiwi mara nyingi, kwa kuwa kila akisugua anapunguza vanishi. Upande wa kushoto wa tangi, ninapoegemeza goti, mikwaruzo ilikuwa imefika kwenye rangi yenyewe. Hapo hakugusa. Nimenunua ndoo ya pili, na mnunuzi akija mwakani nitamwonyesha mwenyewe upande huo kabla hajainama.