SOMO LA MWANACHAMA: MTOTO NA FUNGU LAKE
Namna ya kuwatia watoto moyo wa kujifunza na kusaidia nyumbani kwa gharama ndogo

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa na kujadiliwa katika mikutano ya wanachama na katika vikundi vya kujifunza. Baada ya kulimaliza, mwanachama atarajiwe kuweza kupanga kazi za watoto wake pasipo kuharibu masomo yao, kueleza tofauti iliyopo baina ya kumlipa mtoto na kumpa fungu, na kufanya hesabu ndogo ya mradi wa nyumbani mbele ya jamaa yake.

Tatizo lenyewe

Msimu wa kahawa haungoji kengele ya shule. Katika Mkoa wa Kagera, buni huanza kuiva takribani mwezi wa Mei, wakati wanafunzi wangali darasani. Kahawa iliyoiva ikiachwa juu ya mti hudondoka. Iliyoanikwa isipogeuzwa huvunda. Mzazi hutazama mikono aliyo nayo nyumbani, na mikono mingi aghalabu ni ya watoto. Hivyo mtoto hufika shule kwa kuchelewa, kisha hukosa siku moja kwa juma, na mwishowe huonekana mzito darasani ilhali hakuzaliwa mzito.

Upande wa pili liko tatizo lisilopungua uzito. Baadhi ya wazazi, kwa kuheshimu elimu, humwondolea mtoto kila kazi. Mtoto huyo hukua akidhani kwamba jembe ni la mjinga na kwamba kalamu imekuja kumwokoa na kibanja cha babaye. Amalizapo shule pasipo kupata ajira, hana moyo wa shamba wala njia ya mjini.

Jambo hili lilionwa mapema. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya shule inayomtenga mtoto na kazi ya wazazi wake. Alitaka wanafunzi wafanye kazi, lakini pia washiriki katika kuipanga na waone faida yake. Katika shule kadhaa sehemu ya kwanza ilishikwa na ya pili ikasahauliwa: watoto walilima, lakini hawakupanga wala hawakusomewa hesabu. Kazi ikageuka kuwa adhabu ya wachelewaji. Kosa hilo hilo hufanyika nyumbani.

Mtoto kama mwanachama

Katibu yeyote wa chama anafahamu jinsi mwanachama anavyovunjika moyo. Mwanachama hupeleka mazao yake mizanini, hapewi maelezo ya makato, mkutano mkuu hauitwi, hesabu hazisomwi. Msimu unaofuata, huyo huuza kahawa yake gizani kwa mlanguzi, hata kwa bei ya chini. Kinachomwondoa aghalabu ni kutojua fungu lake liko wapi, kuliko uvivu.

Mtoto naye ni vivyo hivyo. Huambiwa, “Chota maji, okota kuni, chuma kahawa.” Aulizapo mwisho wa kazi, huambiwa kuwa mtoto haulizi. Kahawa ikiuzwa, haoni fedha iliingia kiasi gani wala ilikwenda wapi. Huona tu kwamba daftari aliloahidiwa halikununuliwa. Msimu ujao atajificha. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni la mtoto huumiza zaidi kwa sababu hana pa kulidai.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: mtoto hutiwa moyo pale anapoijua kazi yake, anapoliona fungu lake, na anaposomewa hesabu. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji utaratibu, na utaratibu ndio ada ya ushirika.

Je, mtoto alipwe?

Wako wazazi wanaoamua kumlipa mtoto kwa kila kazi: ndoo moja kwa shilingi kadhaa, kufagia uwanja kwa shilingi kadhaa. Njia hii huzaa matunda kwa siku chache. Baadaye mtoto huuliza bei kabla ya kumpa bibi yake maji ya kunywa, na siku mfuko wa mzazi ukiwa mtupu, kazi husimama.

Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa tuzo iwapo watachora. Kundi la pili lilipewa tuzo hiyo pasipo kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya siku kadhaa, wale walioahidiwa tuzo walionekana kuchora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Mchezo waliokuwa wakiupenda ulikuwa umegeuka kuwa kibarua. Waliopewa pasipo ahadi hawakupungukiwa na hamu.

Mafunzo kwa mzazi ni mawili. Kwanza, kusoma na kazi za kila siku za nyumbani zisitiwe bei. Hizo ni wajibu wa kila akaaye chini ya paa moja, mzazi na mtoto. Pili, zawadi ndogo isiyotazamiwa, kama vile hindi la kuchoma au sifa iliyotamkwa mbele ya wageni, haina madhara. Na sifa iwe ya jambo lililotendwa: “Leo umegeuza kahawa mara tatu pasipo kukumbushwa,” ni bora kuliko, “Wewe ni mtoto mzuri.”

Ziko kazi nyingine, zile za mradi unaoleta fedha. Katika hizo mtoto asilipwe kibarua, bali apewe fungu la ziada, kama chama kinavyogawa gawio.

Mfano wa hesabu

Kaya moja ina watoto watatu. Wamekabidhiwa kuku mmoja wa kienyeji aliyeatamia mayai 12. Baada ya siku 21 vifaranga 9 vinatotolewa, na 6 kati ya hivyo vinakua. Kwa siku 150 watoto wanapokezana zamu ya kulisha, kusafisha banda na kufungia jioni. Kila siku ni zamu ya mmoja, na jina lake huandikwa katika daftari. Kuku 5 wanauzwa na 1 anabakizwa kwa mbegu. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu.

Mauzo: kuku 5 kwa Sh. 12,000 kila mmoja: Sh. 60,000
Toa gharama za pumba na chanjo ya mdondo: Sh. 15,000
Ziada: Sh. 45,000

Mgawanyo wa ziada:
Akiba ya mradi: Sh. 15,000
Mahitaji ya shule ya watoto wote: Sh. 15,000
Gawio la watoto: Sh. 15,000

Gawio likigawanywa kwa zamu 150, kila zamu ni Sh. 100. Mtoto wa pili aliyefanya zamu 60 anapata Sh. 6,000; wa tatu mwenye zamu 50 anapata Sh. 5,000, na wa kwanza mwenye zamu 40 anapata Sh. 4,000.

Hapo huzuka neno. Mtoto wa kwanza yuko darasa la saba na zamu zake zilipungua kwa sababu ya kujiandaa kwa mtihani. Je, ni haki apate kidogo kuliko wadogo zake? Mzazi asikate shauri peke yake. Alipeleke neno hilo katika kikao cha nyumbani, watoto wenyewe waseme, na uamuzi uandikwe ili utumike mwaka ujao. Huenda wakakubaliana kwamba muda wa mtihani uhesabiwe nusu zamu; huenda wakakataa. Vyovyote iwavyo, watakuwa wamejifunza kugawanya, kusikilizana na kutii uamuzi wa wengi, na masomo hayo hayauzwi dukani.

Kazi ipi na kwa umri upi

Kazi ya mtoto ipimwe kwa kimo chake. Mwenye miaka 5 hadi 7 aweza kufagia, kuchambua maharage na kuokota mayai. Mwenye miaka 8 hadi 10 aweza kuosha vyombo, kuchota maji kwa ndoo ndogo na kugeuza kahawa iliyoanikwa. Kuanzia miaka 11 aweza kupika chakula chepesi, kupalilia na kutunza daftari la mradi. Kunyunyizia dawa za wadudu, kubeba magunia na kwenda kuni au kisimani usiku si kazi za mtoto wa umri wowote.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala makuzi yake, na isiyomzuia kuhudhuria shule na kufaidika na masomo. Mzazi wa kahawa akitumia kipimo hicho nyumbani mwake hatapotea: kazi inayomfanya mtoto asinzie darasani imezidi.

Jambo moja huhitaji kutazamwa kwa ukali. Katika nyumba nyingi mtoto wa kiume hurudi shule akafungua daftari, na dada yake hurudi akashika ndoo, kisha mwiko, kisha mtoto mchanga mgongoni. Muhula ukiisha, baba hustaajabu kwa nini binti ameshika mkia. Orodha ya zamu ikibandikwa ukutani, dhuluma hii huonekana kwa macho. Kijana wa kiume akiosha sufuria hapungukiwi na kitu, na dada yake hupata saa moja ya mwanga wa jua ya kusoma.

Vifaa vya kujifunzia visivyo na gharama

Tangu Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za msingi na za sekondari za Serikali nchini Tanzania hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo sare, madaftari na chakula bado humwelemea mzazi. Yafuatayo hayamgharimu:

(a) Saa ya kusoma. Itengwe saa moja kabla ya jua kutua, ili mafuta ya taa yasitumike. Katika saa hiyo mtoto asitumwe.

(b) Stakabadhi ya mazao. Mtoto aisome kwa sauti: uzito, bei, makato, kinachobaki. Ikiwa kilo 84 zimenunuliwa kwa bei ya mfano ya Sh. 3,000, atafute mwenyewe Sh. 252,000 kabla ya kutazama jibu. Mzazi asiyejua kusoma hupata msomaji, na mtoto hujua kwamba hesabu ya darasani ndiyo inayolinda mfuko wa nyumbani.

(c) Punje na vijiti. Punje za mahindi zilizofungwa katika mafungu ya kumi kumi zatosha kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kujumlisha na kutoa.

(d) Mgongo wa karatasi. Kalenda ya mwaka uliopita na mabango yaliyokwisha kazi yana upande mmoja mweupe. Yashonwe kwa uzi yawe daftari la mazoezi.

(e) Vitendawili na hadithi za jioni. Mzazi asiyewahi kukaa darasani anaweza kumwambia mtoto, “Nieleze mlichosoma leo,” akasikiliza hadi mwisho. Mtoto anayeeleza somo hulikumbuka.

Wajibu wa katibu na wa chama

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa watu maskini. Hata hivyo, baada ya miaka michache walikubaliana kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea na maktaba. Elimu ingali miongoni mwa misingi ya ushirika ulimwenguni, na mtoto wa leo ndiye mwanachama wa kesho.

Katibu wa chama anaweza kuandika stakabadhi kwa mwandiko unaosomeka na mtoto. Kubandika bei na makato ukutani. Kuhifadhi karatasi za upande mmoja na kuwagawia wanachama. Na kuishauri kamati ipange siku za kupokea kahawa Jumamosi na katika likizo ya katikati ya mwaka, kadiri hali inavyoruhusu. Aidha, yafaa mtoto aliyemsindikiza mzazi wake aruhusiwe kusogea mizanini na kusoma uzito. Haichukui dakika moja, na msururu hautacheleweshwa.

Maswali ya kujadiliwa

1. Katika chama chenu, ni siku zipi za msimu ambazo watoto hukosa shule zaidi? Chama kinaweza kubadili nini?

2. Kila mwanachama ataje kazi zilizofanywa jana na binti yake na kazi zilizofanywa na mwanawe wa kiume. Zilinganisheni.

3. Katika mfano wa kuku, mngeamuaje juu ya mtoto wa darasa la saba? Toeni sababu.

4. Kaya ina ziada ya Sh. 36,000 katika mradi wa maharage, na imekubali kugawa theluthi moja kwa watoto wawili. Mmoja alifanya zamu 50, mwingine zamu 30. Kila mmoja atapata kiasi gani? (Jibu: Sh. 7,500 na Sh. 4,500.)

5. Ni ahadi gani iliyotolewa kwa mtoto msimu uliopita na ambayo haijatimizwa? Itatimizwa lini?

Inashauriwa swali la tano lijibiwe nyumbani, mbele ya mtoto mwenyewe, na tarehe iandikwe.