Upinde Mkongwe: Uchunguze Kwanza, Uuvute Baadaye

Pinde zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 bado zinapatikana minadani, kwenye maduka ya mitumba na mabandani mwa wazee waliokuwa wawindaji. Nyingi zinapiga vizuri hadi leo. Zinazovunjika, mara nyingi mkosaji si uzee bali ni mwenye pupa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanaoanza kuzikusanya.

Kwa nini pinde za miaka hiyo zinatafutwa sana?

Kwa sababu ni za zama fupi kati ya upinde wa mti mtupu na upinde wa kapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi walianza kubandika utando wa faibaglasi mbele na nyuma ya vipande vyembamba vya mbao. Upinde ukawa mfupi, mwepesi kurudi, tena hauogopi unyevu. Fred Bear, aliyehamishia kiwanda chake Grayling, Michigan, mwaka 1947, alizitengeneza kwa wingi. Ben Pearson naye alikuwa na chake Pine Bluff, Arkansas. Mwaka 1969 Holless Allen wa Missouri akapewa hataza ya upinde wa kapi, wawindaji wengi wakaukimbilia, na zile za zamani zikatundikwa ukutani.

Nimepata Bear yenye maandishi ya 1953. Ni ya mwaka huo?

Si lazima. Hiyo 1953 ni ya hataza ya Kanada, na iliendelea kuandikwa kwenye pinde zilizotoka kiwandani miaka mingi baadaye. Wauzaji wengi huipachika kama mwaka wa kuzaliwa, na bei ikapanda bure. Tazama vitu vingine: umbo la mshiko, aina ya mbao, na ile nembo ya duara kama sarafu. Ya chuma iliyolala sawasawa na mbao ni dalili ya upinde wa mapema kuliko ule wenye nembo ya plastiki iliyoinuka.

Nikiwa mnadani nichunguze nini kabla ya kutoa pesa?

Chukua kipande cha pamba, ukipitishe taratibu juu ya mikono yote miwili ya upinde, mbele na nyuma. Pamba ikikwama, pana kibanzi kilichoinuka. Mistari midogo inayofuata urefu wa faibaglasi huwa si hatari, ila ufa unaokata mkono kwa upana ni wa kuogopa. Kisha bonyeza kingo kwa ukucha uone kama tabaka zimeachana. Mwisho weka ncha moja karibu na jicho, utazame upinde kwa urefu wake kama seremala anavyokagua ubao. Mkono uliopinda upande utauona hapo hapo.

Upinde wa bomba la chuma uache uwe pambo. Kutu hula kwa ndani usikoona, na ukikatika haukupi onyo.

Mkono ukiwa umepinda upande, ndio basi tena?

La. Mara nyingi uharibifu huo hutokana na mtu kupitisha mguu katikati ya upinde na kuulazimisha akitia ugwe. Mwagia mkono huo maji ya moto, usokote polepole kuelekea upande wa pili, uzidishe kidogo, ushikilie hivyo hadi upoe. Huenda ukarudia mara tatu au nne. Baada ya hapo tumia kamba ya kutilia ugwe, ile yenye vifuko viwili vya kuvika ncha, ili mikono yote ipinde kwa pamoja.

Lakini usizidishe joto. Niliwahi kusahau upinde ndani ya buti la gari mchana wa jua kali. Jioni nilikuta faibaglasi imebanduka kama karatasi za kitabu kilicholowa.

Nitumie ugwe gani?

Wa dakroni. Huvutika kidogo na kupunguza kishindo mshale unapotoka. Nyuzi za kisasa zisizovutika hupiga ncha kwa nguvu, na ncha za zamani hazikuimarishwa kwa ajili ya nyuzi hizo, zaweza kupasuka. Upinde ukiandikwa AMO 60, urefu wake ni inchi 60, na ugwe halisi huwa mfupi kwa inchi tatu hivi.

Nipige msasa na vanishi mpya?

Zuia mkono. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, paka nta. Msasa ukishaondoa maandishi ya kiwandani, umeondoa ushahidi wa upinde huo ni upi, na hakuna vanishi itakayourudisha.

Babu aliacha upinde wa mti na ugwe wa kano. Naweza kuuvuta?

Nakusihi usiuvute. Upinde wa mti mtupu uliokaa miaka bila kazi umekauka, na hauna faibaglasi ya kuushika. Ulegeze ugwe, uulaze juu ya vigingi viwili mbali na jua, na masizi ya jikoni yaliyougandia usiyafute. Ukitaka kupiga, mwombe fundi akuchongee mwingine kwa kipimo cha huo.

Upinde umekaguliwa, ugwe umetiwa. Nianzeje?

Soma kwanza namba ya uzito wa kuuvuta. Kwa mfano ratili 45, karibu kilo 20, hupimwa ugwe ukivutwa inchi 28; kila inchi unayozidisha huongeza ratili mbili au tatu. Siku ya kwanza vuta robo na uachie polepole kwa mkono, kisha nusu, kisha robo tatu, huku ukisikiliza. Mlio wa kukatika, hata mdogo kama wa njiti ya kiberiti, ni amri ya kusimama.

Usifyatue kamwe bila mshale: nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde. Ukihifadhi upinde wako, legeza ugwe. Na mwenzako akiomba kuujaribu, mpe mshale kwanza, ndipo umpe upinde.